Mwaka Ambao Mama Alikataa Shamba Safi

Watu wa umri wangu mvua ya kwanza ikinyesha husimama barazani, huvuta pumzi ndefu na kusema hakuna harufu tamu kama ya udongo uliolowa. Wengine huandika hivyo kwenye simu, na kundi zima la tuliosoma pamoja likaitikia. Mimi hukaa kimya, na nikishindwa kukaa kimya hugombana. Juzi mvua ilinikuta Moshi mjini, nimejibanza kwenye kibaraza cha duka, na mtaro mbele yangu ukawa unapeleka maji mazito, mekundu, yenye povu. Mama mmoja muuza ndizi aliyejibanza nami akasema, "Harufu ya baraka hiyo." Nikamwambia, mama yangu, hiyo si baraka, hilo ni shamba la mtu linapita hapo mtaroni, na mwenyewe huko juu hajui. Akanitazama, kisha akalivuta tenga lake karibu na miguu yake.

Simlaumu. Yeye hakulelewa na mama yangu.

Baba alikuwa mtoto wa kati. Mchagga akisikia sentensi hiyo hahitaji nyingine. Kwa asiyejua: kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa eneo lake, wa mwisho hubaki na kihamba cha wazazi pamoja na migomba, kahawa na nyumba, na wa katikati huambiwa wana akili, watajitafutia. Baba yangu mdogo, kitindamimba, ndiye aliyekuwa mwenye kihamba, ingawa aliishi Dar na kuonekana Krismasi tu. Bibi alikaa humo akimtunzia, yeye na ng'ombe wake Zawadi. Sisi tulikuwa na nyumba ya mabanzi ukingoni mwa kihamba, na chini yake shamba ambalo hakuna ndugu aliyelitaka, mteremko mkali unaoishia kwenye korongo.

Nikisema mkali naomba niaminiwe. Boga likichumwa bila kushikwa lilibingirika mpaka korongoni, na mimi ndiye niliyetumwa kulikimbiza. Mama alipolima alisimama mguu mmoja juu na mwingine chini, na jioni kiuno kilimuuma upande mmoja tu. Na kila mwaka shamba hilo liliongeza mawe. Niliamini kabisa kwamba mawe yanaota, maana niliyaona kwa macho yangu. Mvua ikikatika, pale palipokuwa na mahindi pametokeza mawe mapya, meusi, yameoshwa vizuri. Nilipokuwa darasa la tatu nilimwambia mwalimu kwamba mawe ni mimea. Darasa zima likacheka, nikarudi nyumbani nimevimba.

"Mawe hayaoti," Mama aliniambia. "Yapo siku zote. Udongo ndio unaoondoka, yanabaki uchi."

"Unaenda wapi?"

"Mabogini."

Mabogini ni kule chini tambarare, kwenye majaruba ya mpunga, na wali tuliokula sikukuu ulitoka huko. Kwa akili yangu mambo yakawa wazi: watu wa Mabogini wanachukua udongo wetu na kuugeuza mchele. Krismasi ile nilikula wali mpaka tumbo likaniuma, nikijua moyoni kwamba narudisha shamba nyumbani. Bibi alidhani nina minyoo, akanipa dawa chungu, nami sikumweleza.

Baba, Aloyce kwa jina lake, alikuwa fundi gereji Bomang'ombe. Alirudi Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili baada ya misa. Masika iliyofuata, mvua moja ya mchana ilichukua mahindi yaliyokuwa yamechipua pamoja na ardhi yaliyosimamia, na kipande cha ukingo kikamegukia korongoni huku tunakitazama. Jumamosi Baba alisimama pale juu ya shamba, kofia mkononi. Nilimsikia vizuri kwa sababu hakupunguza sauti.

"Mama Felista, bandu bandu huisha gogo. Sisi tunalima mawe. Nimeona chumba Bomang'ombe. Krismasi ikifika tunahama."

"Nipe mpaka hiyo Krismasi," Mama alisema.

"Nakupa. Lakini Krismasi si Pasaka, haihamihami."

Felista ni mimi. Nilichoelewa ni kwamba tutakaa chumba kimoja, tutachangia choo na wapangaji, na hakutakuwa na mgomba hata mmoja wa kukaa chini yake. Mama alielewa zaidi yangu. Mtoto wa kati akiliacha hata lile korongo lake, hana tena mahali pa kurudi, wala pa kuzikwa.

Hakulia. Mama yangu akiumia hutembea, na siku ile aliuzunguka mteremko wote, akiinama hapa na pale. Kwenye kona ya juu kulikuwa na ngwara iliyojiotea, zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe ambazo wengine huziita fiwi. Ilikuwa imetambaa ovyo, na chini ya majani yake udongo ulikuwa umebaki, mweusi, umeinuka kiganja kizima kuliko pembeni palipooshwa. Mama aliingiza mkono mpaka kwenye kifundo, kisha akaniita niingize wa kwangu. Ulikuwa wa baridi, na nyungunyungu mmoja akanipita kati ya vidole. "Hapa mvua haikupaona?" Mama aliuliza, lakini hakuwa ananiuliza mimi.

Kesho yake alimfuata bibi shamba, yaani afisa kilimo wa kata, dada mmoja mwenye pikipiki, ambaye alifurahi kupata mtu wa kumuuliza swali. Dada huyo alisema Mama ameona sawasawa. Apande mahindi tena, apande na ngwara katikati ya mistari, mahindi yakivunwa aiache ngwara itambae. Na mabua yasitoke shambani, yalazwe kukingama mteremko. Udongo usilale uchi, alisema, hata usiku mmoja. Maneno hayo Mama alitembea nayo, akiyarudia jikoni kama mtu anayejifunza sala mpya.

Mahindi yalipokauka, ngwara ilikuwa imeshika ardhi yote. Ilitoa maua ya zambarau, nyuki wakajaa, na ukipita humo sketi ilirudi nyumbani na harufu kali ya kijani. Mimi nililipenda lile pori letu. Bibi hakulipenda.

Bibi alikuwa na kipimo kimoja cha mwanamke, nacho ni shamba lake. Shamba lililokuwa na kitu kinachotambaa lilikuwa shamba chafu, na mwenye shamba chafu hata sufuria zake zilitiliwa mashaka. Tena mabua kwetu ni mali ya ng'ombe. Mkivuna mnayafunga, mnayapandisha kwa kichwa, na ng'ombe anakula mpaka vuli ianze. Mama alipovuna na kuyaacha chini, Bibi alishuka mwenyewe kuhakikisha alichoambiwa.

"Mama Felista, tangu lini udongo ukalishwa? Na Zawadi ale nini, rozari?"

"Nitamletea majani, Mama. Hatalala njaa."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Nitayaleta na guu hilo hilo, Mama."

Na aliyaleta. Alikuwa na mimba kubwa, lakini kila jioni tulikwenda kando ya mfereji kukata majani, tukakatakata na migomba iliyokwisha kuzaa, tukampelekea Zawadi mpaka horini. Niliwaonea wivu wenzangu ambao mama zao walikuwa wamepandisha mabua mara moja wakapumzika. Siku moja nilimuuliza kwa nini tunajitesa. Akasema, "Kwa sababu nimesema." Jibu hilo lilinikasirisha wakati ule. Siku hizi ndilo ninalowapa wanangu.

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa joto la kabla ya vuli likiwa limeanza. Kwetu mzazi hana kazi. Hukaa ndani, moto unawaka, analetewa mtori wa ndizi, maziwa na mlaso wa damu ya ng'ombe, na mama mkwe ndiye mwenye kauli nyumba nzima. Kwa kulea mzazi Bibi hakuwa na mpinzani kijiji kizima. Alimkanda Mama kwa maji ya moto, alimkoromea aliposhindwa kumaliza bakuli, alifukuza wageni wenye mafua. Alimpenda sana, ila mapenzi ya Bibi yalikuwa na sauti ya ugomvi, na mtoto asingeweza kuyatambua.

Ni kwa mapenzi hayo hayo aliamua kumsafishia shamba. Wageni wa kumwona mtoto walikuwa wanapita njia ya juu, na kila aliyepita aliliona lile pori. Bibi alihofu watasema mkwe wake ametelekezwa, kalala na mtoto na hakuna wa kumshikia jembe. Basi Jumamosi moja asubuhi akawaleta wanawake wa jumuiya, majembe na mundu begani, na pombe ya mbege kwenye ndoo. Waliimba nyimbo za kanisani. Walikata ngwara, wakalima sehemu ya chini yote, wakakusanya mabua wakayafunga mizigo kwa ajili ya ng'ombe wa kila mmoja. Nami nilibeba, nikaimba, nikasifiwa. Saa sita ya mchana shamba letu lilikuwa jekundu tupu, halina hata jani, zuri kama ua wa kanisa siku ya Komunyo ya Kwanza. Nilipanda mbio nyumbani ili niwe wa kwanza kumpa Mama habari njema.

"Mama, shamba letu limekuwa safi! Jumuiya nzima imekuja!"

Alikuwa anakula mtori. Aliuweka chini.

"Mabua yako wapi?"

"Wameyafunga. Wanapeleka kwa ng'ombe."

Alikwenda dirishani. Mlima ulikuwa umefunikwa, wingu zito limekaa mpaka msituni, na hewa ilikuwa imesimama. Nilingoja atabasamu. Badala yake alivaa sweta ya Baba juu ya kanga mbili, akanipa mtoto, akasema, "Mshike shingo," akatoka.

Mzazi kutoka nje mapema vile, tena kwa miguu, tena kwenda shambani! Wanawake walikuwa wamekaa juu ya shamba wakipumzika, na walipomwona nyimbo zilikatika. Bibi alisimama na kata ya mbege mkononi.

"Yesu na Maria! Unataka upepo ukuingie tumboni?"

Mama aliwasalimu kwanza, mmoja mmoja, shikamoo kwa kila aliyestahili shikamoo. Kisha akasema, "Mama zangu, asanteni. Mungu awalipe kwa upendo huu. Sasa naomba mnirudishie mabua yangu."

Mama Prosper, kiongozi wa jumuiya, alisema kwa upole, "Tumeshatoa, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya si maji, Mama Prosper. Ni mabua."

Akafungua mzigo wa kwanza, akachukua mabua pamoja na ngwara iliyokatwa, akashuka nayo. Alilaza mstari mmoja, akapanda, akafungua mzigo wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama na mtoto, na hapo ndipo nilipoanza kulia, kwa sababu nilikuwa nimeleta habari njema na sikuelewa imeharibikia wapi.

"Utakufa uniachie mtoto mchanga kwa sababu ya takataka!" Bibi alipiga kelele.

Mama alijinyoosha, mkono kiunoni. "Mama, kila mvua mnaona maji mekundu yanashuka hapa. Hilo ndilo shamba la mwanao. Likiisha tunahama, ameshasema. Aloyce atakuwa hana kwao. Siku yake ikifika mtamzika Bomang'ombe, kwa watu."

Neno hilo halitamkwi mbele ya mzazi wa mtu. Wanawake waliinamisha vichwa. Bibi akaweka kata chini, akashuka pale Mama alipokuwa, akamnyang'anya mabua.

"Ingia ndani. Nitalaza mimi."

"Hujui yanavyolazwa, Mama."

"Basi kaa hapo juu uniambie!"

Aliletewa kigoda, akafunikwa vitenge vya watu watatu mpaka akabaki pua, mtoto akawekwa titini. Bibi akaanza kulaza mabua kwa kuyashusha na mteremko, jinsi unavyomtandikia ng'ombe. "Kukingama, Mama!" Mama alimwita kutoka kwenye vitenge. "Yazuie maji, yasiyaonyeshe njia!" Mama Prosper alicheka, akajifunga kanga, akashuka. Wengine wakafuata. Waliokuwa wameshapeleka mizigo nyumbani walifuatwa, na mmoja alirudi na nusu tu akisema nusu nyingine iko kwenye tumbo la ng'ombe, tumsamehe. Wakachonga vigingi vya kushikilia mistari. Jua lilipokaribia kuzama, ule wekundu ulikuwa haupo tena.

Mvua ilikuja siku chache baadaye, mchana, kwa kishindo. Mama alikuwa amerudishwa kitandani na Bibi amekaa mlangoni kama askari, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yao. Nilijifunika gunia nikasimama juu ya shamba. Njia ya watu ilikuwa mto mwekundu. Maji yaliyotoka kwenye mistari yetu yalichuruzika polepole, rangi ya chai ya rangi. Niliporudi nimelowa nikawaeleza, Mama alifunga macho, na Bibi akasema kwamba chai ya rangi si mbaya. Sisemi kwamba hatukupoteza kitu. Pembe moja ya chini, palipolimwa sana, ilimeguka, na ipo mpaka leo imemeguka. Lakini ngwara iliyokatwa kwa mundu ilichipua kwenye visiki vyake, na wiki zile za vuli ikatambaa tena juu ya mabua.

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi Baba alikuja na Canter ya rafiki yake, turubai na kamba vimekunjwa nyuma. Hakukuta hata kijiko kilichofungwa.

"Mizigo iko wapi?"

"Karibu nyumbani," Mama alisema. "Kwanza nenda shambani."

Nilimfuata. Alishuka akiyakanyaga mabua kwa uangalifu, kisha akachuchumaa, akayafunua, akaingiza mkono. Aliuacha huko kwa muda. Akaenda mpaka ukingo wa korongo, ambako mstari wa mwisho ulikuwa umekamata matope ya vuli nzima, na mguu wake ukazama mpaka kifundoni kwenye udongo laini. Alicheka peke yake, fundi mzima, kiatu kimebaki chini. Tulipopanda alikaa kwenye kizingiti akikwangua tope kwenye kiatu, huku Mama amesimama nyuma yake akimngoja.

"Chumba nitakirudisha," alisema mwishowe. Mama aliingia ndani, na nilimsikia akilia kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Bibi alikuwa amelisogelea lile gari na kulitazama matairi. "Aloyce, umelitoa Bomang'ombe mpaka huku lirudi tupu?" Akaonyesha kwa kidole rundo la samadi nyuma ya zizi, lundo la mwaka mzima. Baba alisema, "Mama, ile ni ya migomba ya kihamba." Samadi ya kihamba haitoki kihambani, na kihamba kilikuwa cha mdogo wake. Bibi alisema mwenye migomba akija kutoka Dar atamjibu yeye, na kwamba Zawadi alikula majani ya Mama Felista miezi yote ile, hakuulizwa ni ya kihamba gani. Kisha akashika koleo.

Tulipakia mpaka Canter ikainama. Gari lilifika mwisho wa njia ya juu, zaidi ya hapo halingeweza, kwa hiyo tukaanza kuteremsha kwa makarai. Wanawake wa jumuiya waliokuwa wanapita walisimama kuangalia. Mama alitoka, mtoto mgongoni, akasimama katikati ya mteremko wake. Bibi alishuka wa kwanza na karai kichwani, akafika mbele ya mkwe wake, akauliza kwa sauti ambayo hata waliokuwa njiani waliisikia:

"Mama Felista, wewe ndiye mwenye shamba. Nimwage wapi?"